Tiketi yasema 00:25 Jumamosi, na nyumbani hatuelewani tutoke lini

SWALI

Mshauri, pokea salamu kutoka Kahawa West.

Mama yangu ana miaka 67 na anakwenda Birmingham, Uingereza, kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Hajawahi kupanda ndege, na atasafiri peke yake, abadilishe ndege Doha. Ana shinikizo la damu na goti moja linamsumbua akisimama sana. Tiketi imeandikwa 00:25, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi.

Ndege yenyewe hainitishi. Kinachonitisha ni njia ya kufika uwanjani. Mwezi wa nne tulimsindikiza shemeji. Jamaa walikuja, mchungaji akaomba, tukala, tukaja kutoka saa moja usiku na mvua inanyesha. Tulipita Outering, na karibu na Donholm gari likapandisha joto tukasimama katikati ya matatu. Shemeji alifika kaunta ikikaribia kufungwa, na mimi na mume wangu hatukusemezana mpaka kesho yake.

Sasa tumeanza tena. Mume wangu anasema 00:25 Jumamosi ni Jumamosi usiku, kwa hiyo tuna mchana kutwa wa kujiandaa. Anasema pia kwamba siku hizi kuna Expressway, na saa mbili kabla ya ndege zinatosha. Mimi moyo unakataa, lakini sina hesabu ya kumwonyesha. Mama hutusikia tukibishana, naye ameanza kusema safari iachwe tu.

Tutoke lini, tupite wapi, na nifanye nini mama afike akiwa ametulia?

Binti, Kahawa West


JIBU

Dada, tuanze na siku, maana hapo ndipo safari ya mama inaweza kupotea kabla gari halijawashwa. Saa 00:25 Jumamosi ni dakika ishirini na tano baada ya saa sita ya usiku wa Ijumaa. Ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Mnatoka nyumbani Ijumaa. Mkingoja Jumamosi jioni mtakuta ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita.

Kosa hili huwapata watu makini kabisa, na lina sababu. Tiketi hubadili tarehe saa sita usiku kamili, ilhali sisi tukisema "Jumamosi usiku" tunawaza giza linalofuata mchana wa Jumamosi. Ndege nyingi za kutoka Nairobi huondoka kati ya saa nne usiku na alfajiri, kwa hiyo mtego huu uko kwenye tiketi nyingi. Mwambie mume wako kwa maneno hayo, "usiku wa kuamkia Jumamosi", kisha mkae pamoja mwandike kwenye karatasi moja: IJUMAA, tarehe yake, na saa zote kwa namna mbili, ya tiketi na ya kwetu. Bandikeni karatasi hiyo kwenye friji. Kila atakayeuliza mama anaondoka lini aelekezwe kwenye karatasi, asijibiwe kwa kichwa.

Sasa hesabu. Mume wako anahesabu kutoka saa ya ndege kuruka, nawe unahesabu kutoka hofu ya mwezi wa nne. Hesabuni wote wawili kutoka saa ya kaunta kufungwa, kwa kuwa ndiyo saa isiyosikiliza kilio cha mtu. Kwa safari za kimataifa, mashirika mengi hufunga kaunta ya kupokea abiria na mizigo saa moja kabla ya ndege kuondoka. Hakikisheni kwenye masharti ya tiketi yenu, kwa sababu wapo wanaofunga mapema zaidi. Kwa tiketi ya mama, hiyo ni saa tano na dakika 25 usiku. Baada ya hapo kompyuta huifunga orodha ya abiria na mizigo ili ndege ipangwe uzito, na hata mhudumu mwenye huruma hana pa kubonyeza.

Rudini nyuma kutoka hapo. Mtu wa mara ya kwanza, mwenye goti linalouma, anafaa awe kwenye mlango wa terminali muda wa saa tatu kabla ya ndege, yaani saa tatu na dakika 25 usiku. Kabla ya mlango huo kuna lango la ukaguzi kwenye barabara ya kuingia uwanjani, litengeeni nusu saa: saa tatu kasoro dakika tano. Barabara kutoka Kahawa West, ikiwa tupu, ni kama dakika 50. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara imeingia na pengine mvua inanyesha, iwekeeni saa mbili. Ongezeni nusu saa ya pancha au gari la mtu mwingine lililokufa mbele yenu. Hesabu inawaangusha saa kumi na mbili na nusu jioni, au dakika tano kabla.

Lakini saa kumi na mbili na nusu jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote kuwa barabarani Nairobi. Ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, na kila gari linatoka mjini. Kwa hiyo tokeni saa kumi na moja kamili, muwe mmepita sehemu kubwa ya njia kabla mji haujamwaga watu wake. Ndiyo, mtafika mapema, pengine saa moja usiku. Mama atakaa. Kukaa kwenye kiti na chai si sawa na kukaa ndani ya gari lisilosogea huku mnaangaliana kwenye kioo.

Hapo ndipo tunakuja kwenye maombi na chakula, na hili nalisema kwa heshima zote. Ukisoma barua yako vizuri, mwezi wa nne hamkucheleweshwa na Outering. Mlichelewa sebuleni. Saa moja usiku mlikuwa bado nyumbani, na kila kilichofuata kilikuwa kikidai muda ambao tayari ulikuwa umekwisha. Jamaa kuja kumuaga mzazi ni jambo jema na mama atalihitaji. Mwanamke wa umri wake akiondoka bila kuombewa atahisi amefukuzwa. Kifanyeni kikao hicho Alhamisi jioni. Mchungaji aombe, shangazi waseme yao, picha zipigwe, vifurushi vya mtoto viletwe siku hiyo na vipimwe siku hiyo. Atakayefika Ijumaa saa kumi na kilo tatu za njugu "za mtoto" ndiye atakayefanya begi lifunguliwe upya mlangoni. Ijumaa wabaki wa nyumbani tu, na ombi fupi mkiwa mmesimama karibu na gari.

Na gari liwe moja. Msafara wa magari matatu hutembea kwa kasi ya gari la polepole zaidi, na kila mmoja hupiga simu kuuliza mwenzake amefika wapi. Wasindikizaji hawaingii terminali. Anayeingia ni mwenye tiketi na pasipoti. Watu kumi watasimama nje gizani ili kupunga mkono dakika mbili.

Kuhusu njia, kutoka kwenu mna tatu, na uamuzi unafanyika mapema kuliko mnavyodhani.

Ya kwanza ni Eastern Bypass. Mnatoka kuelekea Ruiru, mnaingia bypass, mnapita Kamakis, mnavuka Kangundo Road, mnapita Utawala na Embakasi, mnatokea Cabanas kwenye Mombasa Road, na njia ya kuingia JKIA iko mbele kidogo. Tangu ipanuliwe kuwa ya njia mbili kila upande, ni nyepesi kuliko zamani, na ina faida kubwa ya kutogusa katikati ya jiji. Ubaya wake Ijumaa ni Kamakis: kuanzia jioni magari ya wala nyama choma huingia na kutoka pande zote. Stendi za Utawala nazo hubana, na pale Cabanas mnachanganyika na malori na watu wa Syokimau na Mlolongo wanaokwenda nyumbani. Kwa kutoka saa kumi na moja, hii ndiyo ningeichagua. Mtaipita Kamakis kabla moto wa majiko haujakolea.

Ya pili ni ile anayoisema mume wako, naye ana hoja, mpe haki yake. Mnashuka Thika Road kuelekea mjini, na jioni upande huo huwa mwepesi kwa sababu magari mengi yanakuja kinyume chenu. Mnatoka Pangani, mnashika barabara ya Forest Road hadi Museum Hill, na hapo mnapanda Nairobi Expressway. Barabara hii ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, ina kilomita 27 kutoka Westlands hadi Mlolongo, na inaukwepa msongamano wote wa Nyayo, Bellevue na Imara Daima. Ukishapanda, kufika njia ya kutokea JKIA ni dakika 20 hivi. Tatizo liko pembeni ya Expressway yenyewe: kipande cha Pangani hadi Museum Hill kinaweza kula dakika 40 peke yake kukiwa na mvua, na kwenye vibanda vya kutokea foleni hujikusanya kwa sababu ya watu wanaotafuta pesa mfukoni na kungoja chenji. Mwenye kadi iliyojazwa pesa mapema hupita haraka. Asiye nayo awe na noti ndogo mkononi kabla ya kufika kibandani. Jambo jingine: ukiwa juu huwezi kugeuza wala kuchepuka mpaka njia ya kutokea inayofuata, na bodaboda haziruhusiwi kabisa, kwa hiyo gari likikataa kule juu hakuna wa kukuokoa ila gari la kukokota. Gari lenye historia ya kupandisha joto lisipelekwe huko kabla halijapimwa.

Ya tatu ni Outering kutoka Allsops. Muiache. Jioni hubanwa pande zote mbili, kuna stendi baada ya stendi, na mkishaingia kati ya Mutindwa na palipokuwa Taj Mall hakuna pa kutorokea.

Kagueni ramani ya simu mara mbili: saa kumi jioni mkiwa bado nyumbani, na tena mkiwa ndani ya gari kabla hamjaingia Thika Road. Hapo ndipo njia za kwanza mbili zinapoachana, moja kuelekea Ruiru na nyingine kuelekea mjini. Mkishachagua, msibadili. Ramani itawaonyesha njia ya mkato ya dakika nne kupitia mtaani. Dakika nne hizo huishia nyuma ya mkokoteni. Kazi ya kuangalia ramani iwe yako wewe, mume wako ashike usukani tu. Na akikosea kona, sema ni kona gani inayofuata, basi.

Sasa gari, kwa sababu kilichotokea Donholm kitatokea tena ikiwa hakikutibiwa. Gari likitembea, upepo unaoingia kwa mbele ndio unaopoza maji ya rejeta. Likisimama kwenye foleni hakuna upepo, na feni peke yake ndiyo inayofanya kazi yote. Gari linaweza kwenda Nakuru na kurudi bila shida, kisha lichemke kwa nusu saa ya foleni, kwa sababu feni imekufa na hakuna aliyejua. Lipimeni Jumatano ili fundi awe na Alhamisi. Injini ikiwa baridi, angalieni kiasi cha maji kwenye kitangi chake. Kisha liwasheni liungurume palepale lilipoegeshwa, eyakondishena ikiwa imewashwa kama gari linayo, kwa dakika 20. Mshale wa joto unafaa kupanda hadi karibu na katikati na kubaki hapo, na feni isikike ikiwaka na kuzima. Feni isipowaka, huwa ni fyuzi, rilei, kihisi cha joto au mota yenyewe, na fundi wa umeme wa magari hulipata tatizo hilo upesi. Ikiwaka lakini mshale bado unapanda, tafuteni maji yanakovujia au rejeta iliyoziba.

Ikitokea bado likapanda mkiwa njiani, zimeni eyakondishena, fungueni madirisha, na washeni hita kwa nguvu zote. Mtatoka jasho, lakini hita huchota joto kutoka kwenye injini. Tafuteni pa kuegesha pembeni. Kifuniko cha rejeta kisiguswe. Maji yaliyoshinikizwa humrukia mtu usoni yakiwa yanachemka. Na hapo hapo, kabla boneti haijafunguliwa, iteni teksi ya mama. Huu ndio utaratibu: abiria kwanza, gari baadaye. Mume wako abaki na gari, wewe uende na mama na mabegi. Watu hukosa ndege kwa sababu familia nzima imezunguka injini kwa dakika 40 ikiamini itapoa sasa hivi.

Tairi la akiba liwe na upepo, jeki na spana ya magurudumu viwepo, na visizikwe chini ya mabegi. Mafuta yajazwe Alhamisi. Kama mtaamua kutumia teksi badala ya gari lenu, nambari ya dereva mnayemjua ni bora kuliko kuitisha kwa programu ya simu saa kumi na moja ya Ijumaa yenye mvua, wakati madereva hukataa safari ndefu na bei hupanda. Mkiitisha kwa programu, itisheni dakika 40 kabla ya saa yenu ya kutoka.

Uwanjani kuna jambo ambalo humshtua mgeni. Kwenye lango la ukaguzi la barabara ya kuingia, abiria huweza kuambiwa washuke, wapite kwa miguu kwenye mashine, huku dereva akipitisha gari na kuwangoja upande wa pili. Mwambie mama mapema, asidhani mmekamatwa. Pasipoti na tiketi viwe kwenye mkoba wake wa begani. Mfundishe kulitambua gari kwa nje, au wewe ushuke naye, kwa kuwa usiku magari meupe yote hufanana. Dereva naye ajue anakwenda terminali gani. JKIA ina terminali kadhaa, 1A, 1B, 1C na nyinginezo, na milango yake ni tofauti. Tazameni kwenye tiketi na muulize shirika siku ya Ijumaa asubuhi, kwani hubadilishwa.

Kitakachomtuliza mama kuliko maneno yote ni kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: msaada wa kiti cha magurudumu. Piga simu kwa shirika la ndege sasa, na isipungue saa 48 kabla ya safari, useme abiria ana miaka 67, goti haliwezi kusimama muda mrefu, na ni safari yake ya kwanza. Kwa kawaida huduma hii hailipiwi. Mhudumu humchukua kaunta, humpitisha ukaguzi na uhamiaji, humfikisha kwenye geti, na Doha mwingine humpokea na kumpeleka ndege ya pili. Hapo ndipo hofu ya kupotea Doha, ambayo bila shaka ndiyo inayomfanya aseme safari iachwe, inapokwisha. Akisema anaona haya kukalia kiti, mweleze kwamba kiti hicho ni njia ya kupata mtu wa kumshika mkono. Ombi hilo liandikwe kwenye tiketi, na mama akifika kaunta alikumbushe.

Jisajilini kwa safari mtandaoni mara tu shirika linaporuhusu, kwa wengi kuanzia saa 24 kabla, ili kiti chake kijulikane na kiwe cha upande wa njia, karibu na choo. Usajili huo hauondoi saa ya kaunta, kwa sababu mabegi bado yanapokelewa pale na yanafungiwa muda ule ule.

Mabegi: uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye tiketi, mara nyingi kilo 23 kwa begi, ingawa wengine huhesabu jumla. Hamna mizani ya begi? Simama kwenye mizani ya watu ukiwa umelibeba, toa uzito wako. Acheni kilo moja ya nafasi, mizani ya nyumbani hudanganya. Kwa Uingereza, nyama na maziwa kutoka Kenya hayaruhusiwi kuingia, hata yakiwa makavu au yamefungwa na mama mwenyewe kwa upendo wote. Mala ya kumletea mzazi aliyejifungua ibaki. Betri ya kuchajia simu ikae kwenye mkoba, haikubaliwi kwenye begi la chini. Vimiminika kwenye mkoba visizidi mililita 100 kila chupa.

Dawa za shinikizo zote ziende kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya kliniki yenye majina ya dawa. Baadhi ya dawa hizo huongeza haja ndogo, na wazee wengi huziruka siku ya safari kwa kuogopa foleni ya choo. Hapo ndipo shinikizo hupanda. Muulizeni daktari wiki hii azimeze saa ngapi siku hiyo na baada ya kuvuka saa za nchi nyingine. Kabla ya kutoka nyumbani aende haja, na njiani anywe maji kidogo kidogo. Avae viatu vya kuvuliwa bila kuinama, kwa kuwa anaweza kuambiwa avivue kwenye ukaguzi, na leso yake isifungwe kwa pini. Pesa asizifunge kwenye pindo la nguo. Mashine huenda isizitambue, lakini askari atataka kuona kilichovimba.

Bebeni chapati na chai ya chupa, mle mkiwa kwenye maegesho, gari limezimwa. Mama akila na watu wake taratibu, akiona taa za uwanja na ndege zikishuka, moyo hurudi mahali pake. Chai inayobaki haiingii naye. Mkiwa hapo, mwandikie kwenye karatasi ngumu: jina lake, namba ya ndege ya kwanza na ya pili, jina na simu ya dada yako, anwani ya Birmingham, na sentensi moja ya Kiingereza inayosema anasafiri peke yake na anahitaji msaada kufika geti. Karatasi iwekwe pamoja na pasipoti. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Ikiwa pamoja na haya yote mtaona saa nne na nusu usiku imefika na bado mko barabarani, pigeni simu kwa shirika mkiwa humo humo njiani. Msingoje ndege iondoke. Abiria anayetoa taarifa kabla mara nyingi huweza kuhamishiwa ndege nyingine kwa kulipa tofauti. Asiyetokea bila neno huhesabiwa ameitupa tiketi, na mashirika mengi hufuta pia kipande cha kurudi. Andikeni namba hiyo ya simu kwenye karatasi ya friji tangu leo.

Kuhusu ninyi wawili: mpelekee mume wako karatasi hii ya saa, si barua hii. Keti naye, mwache ahesabu mwenyewe kutoka saa tano na dakika 25 kurudi nyuma, na umwombe achague kati ya bypass na Expressway. Barabara anaijua, alichokosa ni saa ya kuanzia. Mbele ya mama msibishane tena kuhusu safari. Akisema iachwe, usimwambie "usijali". Mwambie nani atamshika mkono JKIA, nani Doha, na nani atamngoja mlangoni Birmingham.

Akishaingia terminali msiondoke. Kaunta inaweza kurudisha kitu kilichozidi uzito, na mtu wa kukipokea awe karibu. Ngojeni kwenye maegesho mpaka apige simu kusema amepita uhamiaji na ameketi, kisha lipieni maegesho, na mrudi kwa Thika Road, ambayo saa hiyo ni nyeupe.